Mikono Inayotoka Mwili Hadi Mwili: Historia ya Usafi katika Kuwahudumia Wazee na Wagonjwa



Mzee ambaye nguvu zimemwishia hutegemea mikono ya mtu mwingine kwa mambo ambayo zamani aliyafanya peke yake, bila kuonwa na mtu. Mikono hiyo humwosha uso asubuhi, humsafisha kinywa, humgeuza kitandani asipate vidonda, humbadilisha nepi, humkata kucha, kisha humlisha uji. Hakuna kazi iliyo karibu zaidi na mwili wa mwanadamu, na ukaribu huo huo ndio unaoifanya iwe njia rahisi ya ugonjwa. Kinachotoka katika mwili wa mmoja hupanda mikononi mwa mhudumu, na mikono hiyo hukipeleka kwa mwingine, au kwa mhudumu mwenyewe.

Kwetu Kongo wazee wengi hutunzwa nyumbani, na wakwe, binti na wajukuu wao. Hata hivyo zipo nyumba za wazee katika miji yetu, nyingi zikiongozwa na masista, na wengi kati yetu huenda huko kusaidia kuosha, kufua na kulisha. Katika kazi hiyo tumesikia mara nyingi maneno mawili. La kwanza husema kwamba kuvaa glavu mbele ya mzee ni kumdharau, ni kumwambia kwamba yeye ni uchafu. La pili husema kwamba mkono unaotumikia kwa moyo mwema hauwezi kuleta ubaya. Maneno hayo hutoka kwa watu wenye nia njema, nasi hatutaki kuyacheka. Tunataka kuyapima kwa historia, maana watu wengi wenye mioyo myema walikwisha kuyalipia kwa uhai wao, na baadhi yao walikufa hapa hapa nchini mwetu.

Kitanda kimoja, kisha vitanda vingi

Nyumba za wazee kama tunavyozijua zina asili nyingi, lakini mojawapo inajulikana vizuri. Jeanne Jugan alizaliwa mwaka 1792 huko Cancale, katika eneo la Bretagne nchini Ufaransa, katika ukoo wa wavuvi. Alifanya kazi za jikoni na za kuhudumu hospitalini. Majira ya baridi ya mwaka 1839, akiwa Saint-Servan, alimchukua kwake mwanamke mzee, kipofu na aliyepooza upande mmoja, aitwaye Anne Chauvin, akampa kitanda chake mwenyewe. Baadaye alipokea mzee mwingine, na mwingine tena, hata ikabidi kutafuta nyumba kubwa zaidi. Shirika lililotokana na kazi hiyo, Masista Wadogo wa Maskini, lilikuwa na masista zaidi ya 2,000 wakati Jeanne alipofariki mwaka 1879. Mwaka 2009 Papa Benedikto wa 16 alimtangaza kuwa Mtakatifu.

Tunaitaja habari hii kwa sababu inaonyesha badiliko moja kubwa. Mzee mmoja anapotunzwa na mtu mmoja katika chumba kimoja, ugonjwa hauna njia nyingi za kupita. Wazee arobaini wanapolala chini ya paa moja, mikono michache hiyo hiyo hutoka kitanda cha kwanza kwenda cha pili, cha pili kwenda cha tatu, asubuhi hadi jioni. Huruma iliyowakusanya wazee ili wasife njaa barabarani ilizaa swali jipya, ambalo mwaka 1839 ni wachache waliojua kuliuliza: mikono hiyo inabeba nini inapotoka kitanda hadi kitanda?

Jibu moja lililo wazi halikupatikana katika nyumba ya wazee. Lilipatikana miaka minane baadaye, katika wodi za wazazi.

Vienna, mwaka 1847

Hospitali kuu ya Vienna, mji mkuu wa Austria, ilikuwa na wodi mbili za kuzalishia. Katika ya kwanza walijifunza wanafunzi wa udaktari, katika ya pili wakunga. Wanawake walipokelewa kwa zamu, siku moja wodi hii, siku nyingine ile. Mwaka 1846 wodi ya madaktari ilipoteza kwa homa ya uzazi zaidi ya akina mama 11 katika kila 100, na wodi ya wakunga ilipoteza chini ya 3. Habari ilijulikana mjini, na wanawake walilia wakiomba wasipelekwe katika wodi ya kwanza.

Daktari kijana kutoka Hungaria, Ignaz Semmelweis, alihangaishwa na tofauti hiyo. Mwezi wa Machi 1847 rafiki yake, Profesa Jakob Kolletschka, alikatwa na kisu cha mwanafunzi wakati wa kupasua maiti, akaugua, akafa. Semmelweis aliposoma taarifa ya uchunguzi wa mwili wake aliona ugonjwa ule ule uliowaua akina mama. Hapo akaelewa. Wanafunzi wa udaktari walitoka chumba cha maiti na kwenda moja kwa moja kuwapima wazazi. Wakunga hawakupasua maiti. Katikati ya mwezi wa Mei aliamuru kila mtu anawe mikono kwa maji yenye klorini kabla ya kumgusa mama. Mwezi wa Aprili walikuwa wamekufa zaidi ya akina mama 18 katika kila 100. Mwezi wa Juni walikufa wapatao 2, na Julai karibu 1.

Sehemu hiyo ya habari inajulikana na wengi. Iko sehemu nyingine ambayo kwa wanaohudumia wazee ina uzito zaidi. Mwezi wa Oktoba mwaka huo huo alilazwa mwanamke mwenye saratani ya tumbo la uzazi iliyokuwa ikitoa usaha. Alilazwa katika kitanda cha kwanza, ambapo daktari alianzia mzunguko wake kila siku. Madaktari walinawa kwa klorini walipoingia wodini, lakini baada ya kumpima yeye walinawa kwa sabuni tu, kisha wakaendelea na wengine. Kati ya wanawake 12 waliojifungua siku hizo, 11 walikufa. Semmelweis alitambua kwamba sumu haitoki kwa maiti peke yao, inaweza pia kutoka kwa mgonjwa aliye hai. Tangu hapo alidai mikono isafishwe baada ya kila mgonjwa.

Tutafakari jambo hilo. Madaktari wale hawakuwa wazembe. Walikuwa wamenawa mlangoni, na kwa mawazo yao walikuwa wasafi. Kosa lilikuwa katikati ya kitanda kimoja na kingine. Mpaka leo, katika nyumba nyingi za wazee, mhudumu hunawa vizuri anapofika kazini na anapoondoka, na katikati ya saa hizo huenda ameshughulikia miili kumi na tano.

Semmelweis hakusikilizwa na wakubwa wengi wa wakati wake. Baadhi yao waliona ni tusi kuambiwa kwamba mikono ya daktari inaua. Alifariki mwaka 1865 katika nyumba ya wagonjwa wa akili karibu na Vienna, akiwa na umri wa miaka 47. Ni baada ya kifo chake Louis Pasteur na wengine walipothibitisha kwamba magonjwa hayo huletwa na vijidudu visivyoonekana kwa macho.

Wakati huo huo, Uingereza, Florence Nightingale alikuwa akifundisha kwamba uuguzi ni kazi ya kusomewa. Katika kitabu chake juu ya uuguzi, kilichotoka mwaka 1859, aliwataka wauguzi wanawe mikono mara nyingi kila siku. Nazo glavu za mpira ziliingia hospitalini kwa njia ambayo wengi hawaifahamu. Karibu na mwaka 1890, huko Baltimore nchini Marekani, daktari William Halsted aliagiza glavu kwa ajili ya muuguzi aliyemsaidia katika upasuaji, Caroline Hampton, kwa sababu dawa kali za kuulia vijidudu zilikuwa zikimchubua mikono. Glavu hizo zilianza kama kinga ya ngozi ya mhudumu, zikaonekana baadaye kuwa kinga ya mgonjwa pia. Anayesema kwamba glavu ni alama ya dharau ajue kwamba kwa Halsted zilianza kama alama ya kumjali mtu.

Yambuku, mwaka 1976

Sasa turudi nyumbani. Yambuku ni misheni katika eneo la Bumba, kaskazini mwa nchi yetu, ambayo wakati huo iliitwa Zaire. Hospitali ya misheni ilikuwa na vitanda 120 na wahudumu 17, na kati ya wauguzi wake walikuwamo masista kutoka Ubelgiji. Watu walitembea mwendo mrefu kuifikia, maana dawa ilipatikana pale.

Mwishoni mwa mwezi wa Agosti 1976 mwalimu mkuu wa shule ya misheni alifika akiwa na homa. Ilidhaniwa ni malaria, akachomwa sindano. Siku chache baadaye ugonjwa wake uligeuka kuwa kitu ambacho hakuna aliyekiona kabla, akafa. Waliomhudumia na waliomwosha wakaugua. Waliopita hospitalini siku zile kwa sababu nyingine kabisa, wakiwamo akina mama wajawazito, nao wakaugua.

Wachunguzi waliofika baadaye waligundua jinsi ilivyokuwa. Kila asubuhi wauguzi wa wagonjwa wa nje walipewa sindano tano. Sindano hizo zilitumika kwa watu wote wa siku hiyo, zikisuuzwa tu kwa maji ya uvuguvugu kati ya mtu na mtu. Kati ya wagonjwa 288 ambao njia yao ya kuambukizwa ilichunguzwa, 85 walikuwa wamechomwa sindano hospitalini. Wengine 149 walikuwa wamekaa karibu na mgonjwa na kumhudumia. Jumla waliugua watu 318, wakafa 280. Kati ya wahudumu 17 wa hospitali walikufa 11, wakiwamo masista. Tarehe 30 Septemba hospitali ilifungwa, kwani hapakubaki watu wa kuiendesha. Ugonjwa ulipewa jina la mto Ebola ulio katika eneo hilo.

Daktari wa kwanza wa elimu ya vijidudu kufika pale alikuwa Mkongo, Jean-Jacques Muyembe. Alichukua damu ya wagonjwa bila glavu, kwa kuwa hazikuwapo, kisha akanawa kwa sabuni na maji. Yeye mwenyewe amesimulia habari hiyo mara nyingi, naye huamini kwamba kunawa kule kulimwokoa.

Sista mmoja mgonjwa alipelekwa Kinshasa, katika kliniki ya Ngaliema, akafia huko. Sista aliyemuuguza akafa, na muuguzi kijana wa kliniki hiyo akafa pia. Jiji lote liliogopa. Lakini wagonjwa walipotengwa, na wahudumu wakavaa gauni, glavu na barakoa, ugonjwa haukuenea Kinshasa. Dawa ya kuuponya haikuwapo. Kilichouzuia ni utaratibu wa kuhudumia.

Kikwit, mwaka 1995

Miaka 19 ilipita. Katika mji wa Kikwit, mapema mwaka 1995, watu walianza kufa kwa ugonjwa uliodhaniwa kuwa wa kuhara damu. Mwezi wa Aprili mtumishi wa maabara alipasuliwa tumbo katika hospitali kuu ya mji. Waliokuwa katika chumba cha upasuaji waliugua, kisha wakaugua waliowauguza hao. Profesa Muyembe aliitwa, akashuku kwamba ni Ebola, na vipimo vikathibitisha.

Kati ya waliokufa walikuwa masista sita Waitalia wa Shirika la Maskini Wadogo wa Bergamo. Sista Floralba Rondi alitangulia tarehe 25 Aprili. Wakamfuata Sista Clarangela Ghilardi, Sista Danielangela Sorti, Sista Dinarosa Belleri, Sista Annelvira Ossoli na Sista Vitarosa Zorza, ambaye alikuwa wa mwisho, tarehe 28 Mei. Waliuguza wagonjwa, kisha wakauguzana wao kwa wao. Mwaka 2021 Papa Fransisko alikubali kutangazwa kwa fadhila zao za kishujaa, na sasa wanaitwa Waheshimiwa. Pamoja nao wakumbukwe wauguzi na madaktari Wakongo. Kati ya watu 315 walioambukizwa, wapatao 80 walikuwa wahudumu wa afya. Waliokufa kwa jumla ni 250.

Hapa ndipo neno lile la pili linapopimwa. Kama moyo mwema ungetosha kuulinda mkono, masista hawa wasingeambukizwa. Walikuwa na upendo wa kutosha. Walikosa glavu na barakoa, na walikosa kujua mapema ni ugonjwa gani ulio mbele yao. Vifaa vilipofika mwezi wa Mei, na wahudumu wakafundishwa namna ya kuvitumia, maambukizo kati yao yalikaribia kwisha.

Iko pia habari ya nyumbani, na hiyo inawahusu moja kwa moja wale wanaohudumia wazee. Wachunguzi waliziendea familia 27 za Kikwit ambamo mtu mmoja alikuwa ameugua, wakawauliza watu wa nyumba hizo 173 walifanya nini. Kati yao 95 walikuwa wamemgusa mgonjwa, na 28 kati ya hao waliambukizwa. Wengine 78 waliishi katika nyumba hizo hizo bila kumgusa, na hakuna hata mmoja wao aliyeugua. Ugonjwa haukusambazwa na hewa ya nyumba wala na laana. Ulipitia katika kuosha, kulisha, kubeba na kufuta matapishi, yaani katika kazi zile zile ambazo kwa lugha ya wauguzi huitwa huduma ya mwili.

Ndugu zetu wa Beni, Butembo na Mangina hawahitaji kuelezwa hayo. Toka Agosti 2018 hadi Juni 2020 janga lililopita kwao liliwapata watu 3,470 na kuwaua 2,287. Ndoo zenye bomba na maji ya klorini zilisimama mbele ya makanisa, shule na soko. Nyingi zimekwisha kuondolewa. Swali ni kama ujuzi wake umebaki.

Mwaka 2020 katika nchi tajiri

Mtu anaweza kudhani kwamba mambo hayo hutokea kwa sababu ya umaskini tu. Historia ya karibuni inamkatalia. Mwishoni mwa mwezi wa Februari 2020 virusi vya korona viliingia katika nyumba ya wazee huko Kirkland, karibu na Seattle nchini Marekani. Kufikia tarehe 18 Machi walikuwa wameambukizwa wakaaji 101, wahudumu 50 na wageni 16, na theluthi moja ya wakaaji hao walikufa. Wachunguzi walitaja sababu: wahudumu waliofika kazini wakiwa wagonjwa, wahudumu waliofanya kazi katika nyumba zaidi ya moja, na upungufu wa vifaa vya kujikinga na wa mazoea ya kuvitumia. Kanada, katika wimbi la kwanza, zaidi ya asilimia 80 ya vifo vyote vya korona ilikuwa ya wakaaji wa nyumba za wazee.

Maji ya bomba yalikuwapo, na umeme na sabuni. Kilichopungua kilikuwa watu wa kutosha. Mhudumu anayelipwa kidogo hutafuta kazi mbili. Asiyelipwa akiugua huja kazini na homa. Aliyepewa wazee kumi wa kuosha kabla ya saa mbili asubuhi hawezi kunawa kama inavyopasa baada ya kila mmoja. Historia hii basi inawahoji wanaopanga kazi kabla ya kumhoji anayeosha.

Utaratibu uliotokana na vifo hivyo

Sisi tuliosomea ualimu tunajua kwamba sheria isiyoelezwa sababu yake hukaririwa leo na kusahauliwa kesho. Kwa hiyo tunataja utaratibu huu pamoja na chanzo chake.

Mwaka 2009 Shirika la Afya Duniani lilitoa mwongozo wenye nyakati tano za kusafisha mikono: kabla ya kumgusa mgonjwa, kabla ya tendo linalodai usafi wa pekee, kama kufunga kidonda au kushughulikia mpira wa mkojo, baada ya kugusa majimaji ya mwili, baada ya kumgusa mgonjwa, na baada ya kugusa vitu vilivyo karibu naye, kama kitanda, shuka na meza yake. Ukiitazama orodha hiyo utamwona mwanamke wa kitanda cha kwanza cha Vienna. Kunawa kwa maji na sabuni kuchukue sekunde 40 hadi 60. Mikono isiyo na uchafu unaoonekana inaweza kusafishwa kwa dawa ya alkoholi, lakini mzee akiwa anahara ni afadhali maji na sabuni, maana viko vijidudu vya kuhara ambavyo alkoholi haiviui.

Glavu huvaliwa pale ambapo mkono utagusa damu, mkojo, kinyesi, usaha au matapishi. Jozi moja ni ya mzee mmoja na kazi moja. Mwenye kumbadilisha mzee nepi, kisha akamfuta uso kwa glavu zile zile, ametengeneza njia ambayo ngozi peke yake isingeitengeneza, kwa sababu glavu humfanya ajisikie msafi. Nayo mikono hunawiwa baada ya kuzivua, kwani glavu hutoboka, na wakati wa kuzivua uchafu hurukia kiganjani. Kwa kumshika mzee mkono, kumsuka nywele au kumsaidia kuketi, hakuna haja ya glavu, na hapo wanaohofia dharau wana haki: mzee asiguswe kwa mpira siku nzima kana kwamba ni kitu cha hatari.

Katika kuogesha, huanzwa palipo safi na kumaliziwa palipo pachafu: uso kwanza, sehemu za siri mwisho, kutoka mbele kwenda nyuma, na maji yabadilishwe kabla ya sehemu hiyo ya mwisho. Kila mzee awe na taulo lake, kitambaa chake, mswaki wake, na wembe usiotumiwa na mwingine. Sindano tano za Yambuku zitukumbushe hilo: kitu chochote kinachogusa damu ya wengi ni njia ya wengi, hata kikisuuzwa. Shuka chafu zisikung'utwe wala zisibebwe kifuani. Mhudumu mwenye homa au anayehara abaki nyumbani, na asipoteze posho yake kwa sababu hiyo.

Maji ya klorini yanayotumika kwa vyombo na sakafu wakati wa Ebola ni makali mara kumi kuliko ya kunawia mikono: asilimia 0.5 kwa vyombo na sakafu, asilimia 0.05 kwa mikono. Yasichanganywe kwa kukisia, na yatengenezwe upya kila siku, maana nguvu yake hupungua.

Deni letu

Mambo haya hayadai fedha nyingi kama mashine za hospitali, lakini hayapatikani bure. Nyumba ya wazee inayoletewa maji kwa bidoni kutoka mtoni haiwezi kutii nyakati tano kwa wazee thelathini. Tukiipelekea siku ya sherehe mchele na soda peke yake, tunawapa wazee mlo wa siku moja. Tukiipelekea pipa la maji, sabuni za mwezi mzima, katoni ya glavu na mtu wa kuongeza zamu ya asubuhi, tunawapa wahudumu nafasi ya kufanya kile wanachokijua tayari.

Nyumbani pia iko kazi. Mkwe anayemtunza mzee wa mume wake peke yake kwa miaka mingi hapaswi kuachiwa yeye sabuni, maji na nepi vyote. Wana na binti walio mbali wanaotuma fedha za dawa watenge pia za sabuni. Na mzee mwenyewe aelezwe. Mhudumu anapoinama kunawa kabla ya kumgusa, amwambie kwa heshima, "Baba, nanawa ili nisikuletee ugonjwa wa nje." Au, "Mama, navaa hii kwa ajili ya kidonda, nitaivua tukimaliza." Wazee wetu walifundisha watoto kunawa kabla ya kutia mkono katika sahani ya pamoja, wala hakuna aliyeona ni dharau kwa waliokaa kuizunguka. Watalielewa neno hilo.

Masista wa Kikwit hawakuogopa kuwagusa wagonjwa, na kwa hilo tunawaheshimu. Tusiwaombe wahudumu wa leo wawaige katika kukosa glavu. Juma hili, kila kikundi chetu kinachotembelea nyumba ya wazee kiulize mambo matatu kabla ya kupanga zawadi: maji ya kunawa yako hatua ngapi kutoka kitandani, sabuni itaisha lini, na kila mhudumu ana wazee wangapi asubuhi. Majibu yaandikwe na kuletwa katika mkutano, ili tujue tuanzie wapi.